Majaribio Yasiyopendeza

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kazi kwa Shangazi, profesa wa kemia. Miaka ishirini na mbili anahangaika kuunda maabarani dawa ambayo mti mmoja huiunda kwenye gome lake bila hata shahada. Imebaki hatua moja. Ijumaa atauhutubia ukumbi mzima. Kazi yangu: kunakili madaftari yake yaliyoliwa na asidi. Nikimaliza vizuri, ataniandikia barua ya kuombea chuo. Fundi wa maabara akauliza kama huyu mtoto ana ulimi. Ninao. Sikuutoa.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio mia moja na tisa. Mengi aibu tupu. "Imekuwa lami." "Imekuwa lami tena." "Imenuka, tumekimbia." Ukumbi usikie haya? Nimepata mpango. Nimenakili yaliyofaulu tu, kumi na manne. Kwa daftari hili jipya, Shangazi hajawahi kukosea maishani. Madaftari ya zamani nimeyatupa pipani, fundi asije akayacheka.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi ametaka jaribio la arobaini na moja. Chupa ya lami yake bado imo kabatini; ameipima upya, na dawa anayoitafuta imo ndani. Ila joto alilotumia amelisahau. Nikasema, kwa sauti ya sisimizi, kwamba halimo. Akauliza halimo vipi, mwanangu. Nikasema niliacha yasiyopendeza. Akavua miwani. Akauliza kama nadhani yale kumi na manne yalidondoka kutoka mbinguni. Chozi langu liliangukia jiko la umeme, likachemka.

Alhamisi, 6 Machi
Pipa tupu. Nimezunguka jengo mara nne. Mwishowe fundi akauliza natafuta nini, mimi bibie nisiyesema. Ikabidi niseme. Akainama, akayachomoa madaftari chini ya mguu wa meza yake inayoyumba. Akasema karatasi nene hivyo hazitupwi, na kwamba siku ile ya kukimbia alikuwepo, ndiye aliyetangulia mlangoni. Shangazi akasoma ukurasa, akawasha jiko. Barua nitaipata nikinakili yote mia moja na tisa, pamoja na "tumekimbia".

Ijumaa, 7 Machi
Vidole vimevimba. Unga mweupe, dawa yenyewe, umepatikana, kiasi cha kijiko. Ukumbini Shangazi alisimulia lami zaidi ya unga. Walicheka, wakapiga makofi. Barua ninayo. Inasema mimi ni mwaminifu katika kutunza kumbukumbu. Chuo kinataka pia shajara ya wiki yangu maabarani. Nimeisoma hii. Haipendezi. Ninainakili upya, kwa mwandiko safi. Humo, baada ya Jumatatu inafuata Ijumaa.