Mechi ya Kumi ya Masika

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Wametukimbia tena! Saa nane kamili tulikuwa ukumbini, ule uliokuwa karakana ya mashati hapa Malvern. Jezi zimepigwa pasi, mwamuzi ana filimbi mdomoni. Wapinzani? Hata kivuli. Kocha wao akapiga simu, eti wachezaji wake wanne wana mafua. Mafua! Ugonjwa huo naujua. Jina lake Naseeb.

Ushindi wa mezani, wa tatu mfululizo. Ishirini kwa sifuri bila tone la jasho.

Kwa atakayeiokota shajara hii siku nitakapokuwa sanamu mjini: mimi ni Naseeb, mzaliwa wa Tanga, fundi pazia wa Jules Street, kocha wa Jets, timu ya akina dada, ligi ndogo ya mpira wa kikapu. Nimeishi Lusaka, Maputo na Durban, kisha nikatua huku Malvern, nchi hiyohiyo ya Durban. Shule niliiacha darasa la sita. Nasikia mpaka leo inalia. Wapinzani wananiogopa kwa sababu kila Jumatatu natuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ligi, naeleza jinsi Masika wangu atakavyowazika. Mwishoni naweka king'ora. Nakiliza mwenyewe, kwa mdomo.

Masika ni Mkongo wa Butembo, mita moja na tisini na mbili, msusi wa barazani kule Marshalltown, katikati ya jiji. Leo wenzake waliimba, yeye akakaa benchi anafungua kamba za viatu polepole. Sikumuuliza. Mshindi haulizi.

Jumapili, 17 Agosti

Bora ningeuliza.

Masika alikuja nyumbani na barua ya Comets. Comets ni klabu kubwa. Walimteua mwezi wa pili, jina lake likasomwa mbele ya watu, makofi, picha. Mkataba hawakumpa. Walisema nafasi haijapatikana, na yeye bado mbichi. Aende ligi ndogo akakomae, acheze mechi kumi, ndipo atie saini. Mimi ndiye wa kumkomaza. Barua hiyo niliisoma zamani. Nusu ya juu.

Mke wangu Bushra akaisoma nusu ya chini, kwa sauti, bila huruma. Mechi kumi zilizochezwa uwanjani hadi mwisho. Ushindi wa mezani hauhesabiki. Siku ya mwisho, Jumamosi tarehe 23 Agosti. Asipotimiza, jina linafutwa.

Masika ana mechi saba zilizochezwa na tatu za mafua, nikasema jumla kumi. Bushra akasema jumla saba. Masika akatoa karatasi nyingine: mechi mbili alizocheza Aprili kabla sijaanza kutuma king'ora nilikuwa nimezisahau. Tisa, basi! Imebaki moja.

Masika alisema kwa sauti ndogo kwamba mwaka jana klabu nyingine ilimteua, ikamfuta. Akasema yaya (kwao ni kaka mkubwa), nikifutwa tena sirudi uwanjani, nitasuka tu hadi nizeeke. Nilijifanya natafuta uzi chini ya meza. Vumbi la Agosti linaumiza macho sana.

Jumatatu, 18 Agosti

Ratiba ina mechi moja tu iliyobaki: Jumamosi, dhidi ya Malkia. Kocha wao ni Jocelyne, wa Lubumbashi, mwenye saluni mkabala na duka langu. Ananiita Papa Pazia. Nimevuka barabara, nimesalimia vizuri. Akasema Malkia hawaji. Wachezaji wake wamesikia ujumbe wangu ule wa "leteni majeneza". Akauliza, si ulitaka watu wakuogope? Basi, wameogopa, félicitations, hongera zako.

Eish. Kumbe kipaji kikizidi nacho ni mzigo.

Jumanne, 19 Agosti

Nina mpango! Akili hii haifundishwi darasa la saba.

Kama hofu ndiyo inawazuia, naiondoa hofu. Nimetuma ujumbe kwenye grupu kwa sauti ya msibani: Masika wetu kateguka kifundo, mguu umevimba kama papai, tuombeeni. King'ora sikuweka. Nimemtengenezea na mkongojo kwa fimbo ya pazia, ile ya daraja la kwanza, yenye kirungu cha shaba juu.

Masika hakupenda. Alisema, "Yaya, miye siwezi danganya na mguu yangu." Nikamwambia huu si uongo, ni mbinu. Akauliza tofauti ni nini. Nikamwambia mbinu ina kocha.

Jumatano, 20 Agosti

Tumemtembeza mbele ya saluni. Kwenda alichechemea mguu wa kushoto. Kurudi, wa kulia! Jocelyne alikuwa mlangoni, kitana mkononi, akauliza ni mguu gani hasa. Nikajibu maumivu yanatembea. Wateja wake watatu wakacheka hadi kofia za plastiki zikawavuka.

Lakini amekubali! Akasema haya Papa Pazia, Jumamosi saa nane, Malkia watakuja kukufundisha adabu. Mungu si Athumani!

Ijumaa, 22 Agosti

Nilikuwa napiga ukuta matundu kwa mteja wakati simu ililia. Madame Denise, msajili wa Comets. Sikujua kwamba naye yumo kwenye grupu la ligi. Tangu Februari! Amesikia ving'ora vyote.

Akauliza habari za kifundo. Akasema Comets hawasajili majeruhi, kesho anakuja mwenyewe na daktari wa viungo. Nikasema amepona. Akauliza mguu uliovimba kama papai umeponaje kwa siku tatu? Nikamweleza Malvern ina kanisa kila ghorofa. Kisha akasema tutaonana kesho, akakata.

Basi hesabu ni hii. Masika akichechemea, Denise anamfuta. Asipochechemea, Jocelyne anaondoka na timu yake, mechi haichezwi, Denise anamfuta. Nimetoboa tundu kubwa mno. Mteja amelalamika.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku ya siku. Ukumbi una milango miwili. Mpango: Masika achechemee mlango wa Jocelyne, atembee kama twiga mlango wa Denise. Safi kabisa. Tukafika, mlango mmoja umefungwa kwa kufuli. Wote wameingilia huo mwingine, tena wamekaa benchi moja, wanakunywa chai ya Jocelyne kwenye chupa!

Nikamnong'oneza Masika achechemee kidogo tu, nusu. Akanitazama. Akasema miguu hii imesimama barazani miaka minne, baridi na jua, haijawahi kumsaliti, leo hataisingizia. Akaweka mkongojo chini, akatembea wima mpaka mbele ya Jocelyne, akamwamkia, akamwambia mguu ni mzima na ulikuwa mzima.

Jocelyne akaokota mkongojo, akagusa kirungu. Akasema anazo fimbo mbili kama hiyo sebuleni, alinunua kwangu. Akapiga makofi, Malkia wakaanza kukusanya mabegi.

Hapo ndipo mimi Naseeb, niliyewahi kubishana na polisi wa Maputo nikashinda, nilikimbia mlangoni nikatandaza mikono. Nikamwambia Jocelyne hasira zake anishushie mimi, zisimfikie mtoto wa watu. Nikamwambia ataje anachotaka. Duka, cherehani, chochote.

Akataka kipaza sauti.

Nikakishika. Watu wapatao sitini. Nikasema: "Jocelyne ndiye kocha bora." Akasema hajasikia, spika inakoroma. Nikarudia. Akauliza bora wapi? Nikasema Jules Street nzima. (Sikusema Malvern. Heshima kidogo nimebaki nayo.) Akauliza na mimi je, ni nani? Nikasema fundi pazia. Ukumbi ulilipuka. Masika alijificha uso kwenye jezi, mabega yanatikisika. Jocelyne akawageukia wachezaji wake, akawaambia weka chini mabegi, tucheze.

Mechi gani ile! Masika alipaa, alizuia, alifunga kwa mkono wa kushoto ambao mimi sikumfundisha (nitasema nilimfundisha). Pointi thelathini na moja. Robo ya nne tuko sawa, Malkia wakatumbukiza mpira wa mwisho, filimbi. 59 kwa 57.

Tumefungwa! Tumefungwa uwanjani, hadi mwisho, mbele ya mwamuzi! Nililia kwa furaha, nikambusu mwamuzi. Jocelyne akaniuliza kama najua kwamba nimeshindwa. Kisha Masika akamkumbatia akamnyanyua juu, na mwanamke yule wa chuma akatafuta leso. Vumbi la Agosti.

Daktari alikipapasa kifundo kimoja, kisha cha pili. Akasema hajawahi kuona papai zima namna hii.

Jumatano, 27 Agosti

Ametia saini! Nilikuwepo, suti ya kijivu. Peni iligoma mara mbili, nikatoa yangu. Kwa hiyo kiutaalamu saini ile ni ya kwangu pia. Masika alimpigia mama yake Butembo, wakapiga vigelegele kwenye simu hadi mlinzi akaja kuchungulia. Kisha akanipa simu. Mama akasema aksanti, Papa Pazia. Jina limeshafika Kongo!

Madame Denise akaniita pembeni. Kuna mwingine, Victoire, wamemteua, mkataba bado. Mechi kumi. Akanipa barua, akanisihi niisome yote, mpaka chini.

Jumamosi, 6 Septemba

Msimu mpya! Nimeshona bango la mita nne kwa kitambaa cha pazia: JETS, KIAMA CHA MALVERN. Juzi nimetuma ujumbe wa sauti kumtambulisha Victoire, king'ora cha dakika nzima, safari hii na ngoma ya ndoo. Barua nimeisoma. Nusu ya juu, lakini mara mbili.

Leo saa nane tulikuwa ukumbini. Wapinzani hawakutokea. Kocha wao kapiga simu, mafua.

Wametukimbia!