Mteja Mfuate Kabla Hajakuhitaji

Kama ushauri wa matajiri ungekuwa unatajirisha, shemeji yangu leo angekuwa na lifti hadi jikoni. Lakini bado tuko chini, tena chini kabisa.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi majeneza, na mimi ndiye mpiga randa wake. Familia mbili zinaitegemea karakana ile. Mteja wetu mkubwa ni chama cha kuzikana cha mtaani, na mwenyekiti wake ni mama yangu mzazi, yaani mkwe wa shemeji. Kwa hiyo mkinisikia nimekasirika, mnivumilie.

Jumamosi moja shemeji alikwenda kumsikiliza mjasiriamali mwenye suti ya kung'aa, aliyetajirika kwa kuuza sabuni. Akarudi kichwa kimevimba, mlango tukaona mdogo.

"Shemeji, tumelala sana," akaniambia. "Tajiri hangoji mteja. Mteja mfuate kabla hajajua kwamba anakuhitaji."

"Yule anauza sabuni. Sisi tunauza majeneza."

"Kanuni ni moja. Ndiyo maana wewe utazeeka na randa mkononi."

Jumatatu akachukua tepu ya kupimia, akaanza kuzunguka nyumba zenye wagonjwa. Dereva mstaafu mwenye homa aliletewa sampuli tatu za vitambaa achague. Mzee wa watu hakuwa amenyanyuka siku nne. Siku hiyo alinyanyuka akamkimbiza hadi barabarani. Mwalimu aliyevunjika mguu, mguu tu jamani, aliulizwa kama anapenda mishikio ya shaba.

"Wamekukataa wote," nikasema.

"Yule bwana alisema ukikataliwa mara mia, ya mia na moja ni yako."

Nilitaka kumpiga na ubao. Nilimheshimu dada yangu tu.

Alhamisi mama alikuwa amejilaza sebuleni, mgongo unamsumbua. Shemeji akapiga magoti, akavuta tepu taratibu kutoka kisogoni hadi kisiginoni. Mama akafumbua macho.

"Mwanangu, unanishonea gauni?"

"Hapana, mama. Ni mpango wa muda mrefu."

Mama alimtazama, akaitazama tepu, akaelewa. Nikangoja kelele. Hakupiga hata moja.

"Umepata ngapi?"

"Futi tano na nusu, mama. Na mabega nimeyapima."

"Niandikie kwenye karatasi."

Shemeji akaandika huku ananikonyeza. Mimi sikumkonyeza, maana upole wa mama wa namna ile naujua tangu utotoni.

Jumapili, kwenye mkutano wa chama, mama akaweka karatasi ile mezani.

"Vipimo vyangu hivi hapa, mkwe wangu kanipimia bure. Vipelekeni kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Na majeneza ya wanachama wote, kuanzia leo, yachongwe hukohuko."

Wanachama wakapiga makofi. Dereva mstaafu alipiga akiwa amesimama.

Jumatatu asubuhi nilivuka barabara kwenda kuomba kazi ya randa. Nikamkuta shemeji ameniwahi, anafagia maranda.