Nani Anapuliza Hapo?

Jumamosi, 2 Agosti

Habari kubwa! Mzee Bakili anarudi kwao Masasi moja kwa moja. Magoti yamegoma kupanda ngazi. Leo alasiri, kwenye kile chumba chake juu ya duka la vitenge, hapa Kariakoo, tunapokutana kila Jumamosi kusikiliza jazi ya zamani ya Wamarekani, katangaza kwamba gramafoni na santuri zake zote sitini zitabaki na mtu mmoja. Si mwenye fedha, kasema. Mwenye sikio. Jumamosi ijayo atazipiga zile kumi za bendi ya Count Basie, na kila anayezitaka aandike kwenye karatasi nani anapiga solo ya saksafoni, kile kipande cha kupuliza peke yake: Lester Young au Herschel Evans.

Tumejitokeza wawili tu. Mimi, na Elimringi muuza spika. Elimringi akizipata hizo santuri, mimi Beno nitakaa benchi la nyuma mpaka kiama. Haiwezekani!

Tatizo dogo. Miaka minne naenda pale na sijawahi kuwatofautisha hao watu. Wote wanapuliza. Mzee Bakili husema Lester anapuliza kama mtu anayesimulia umbea kwa sauti ya chini, na Herschel kama mtu anayemlilia mchumba. Mimi hutikisa kichwa na kufumba macho. Kufumba najua sana.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata dawa! Nimekwenda kwa Mzee Bakili, nikamwaga shikamoo mlangoni, nikamwomba anipigie zile kumi kwa mara ya mwisho. Kila moja ikiisha namuuliza, Mzee, si Herschel huyo? Naye ananiambia ndiyo au hapana.

Muziki sikuusikiliza hata kidogo. Nilisikiliza mikwaruzo. Kumbe kila santuri ina kelele yake! Moja inakaanga mandazi mwanzo mpaka mwisho: Herschel. Moja inanyesha mvua juu ya bati: Lester. Moja ina ufa, inagonga tok, tok, tok: Lester tena. Zote kumi nimeziandika nyuma ya daftari hili.

Mzee aliniona nimeinama na kalamu, machozi yakamlenga. Kasema hajapata kuona kijana anayesikiliza namna hiyo. Nina miaka arobaini na sita, lakini nilishukuru.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi makali kibandani kwangu Mchikichini. Naiga mikwaruzo kwa mdomo, huku napanga viatu. Mteja aliyekuwa anajaribu raba aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hii ni sanaa. Akaziacha raba akaondoka.

Jioni kapita Elimringi. Kasema anamsikiliza Lester kwenye simu kila siku, mpaka ameanza kumwota. Nilimwonea huruma. Masikini ya Mungu, anajifunza muziki!

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nimefika saa tisa, naingia tu, nanusa sabuni. Elimringi kaziosha! Zote kumi, jana, kwa sabuni ya vyombo na kitambaa laini, eti zawadi ya kumuaga Mzee. Akanisimulia kwa furaha jinsi maji ya kwanza yalivyotoka meusi. Mandazi yangu! Mvua yangu! Vyote vimemwagwa mtaroni.

Watu walijaa. Bahati, santuri ya kwanza ilikuwa ile yenye ufa, na ufa hauoshwi. Tok, tok. Nikaandika Lester kwa mbwembwe. Ya pili ikaanza, safi, haina hata chembe ya mkwaruzo. Nikakodoa macho huku na huku kama mwizi aliyezingirwa, ndipo nikamwona Anifa.

Anifa ndiye anayetuuzia chai. Miaka kumi na moja anamimina chai katikati ya saksafoni hizo, na hakuna aliyewahi kumuuliza neno. Solo ilipoingia, bega lake la kushoto likaanza kucheza lenyewe, chai ikiendelea kumiminika. Na kwenye ile ya kwanza, ya Lester, nikakumbuka lilicheza vilevile! Nikaandika Lester. Ya tatu, solo ikaingia, Anifa akaacha kumimina. Birika likabaki hewani, mtu kashika kikombe anasubiri, yeye kabana midomo yuko mbali. Herschel huyo! Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Bega, Lester. Birika hewani, Herschel. Mama Jovitha, jirani yangu wa benchi, alinikoholea mara mbili, kadhani namtamani mke wa mtu, nikampuuza.

KUMI KWA KUMI! Elimringi tisa, kateleza kwenye ya saba. Chumba kizima kililipuka kwa vigelegele. Elimringi mwenyewe kanikumbatia.

Mzee Bakili alisimama kwa shida, akanipa ufunguo wa chumba na wa sanduku la santuri, akanishika mikono yote miwili. Kasema sasa anaondoka na moyo mweupe, maana alichoogopa ni kumwachia mtu anayejifanya. Hapo nilitaka kusema ukweli. Haki ya Mungu nilitaka! Ila watu walikuwa wanapiga makofi, na kuwakatisha si adabu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala vizuri mno. Nimeitafakari siku ya jana. Kusema kweli ile ya tano nilishahisi ni Herschel kabla birika halijasimama. Na ya nne pia. Anifa alinithibitishia tu.

Nimekutana naye Msimbazi. Kaniuliza, kaka Beno, jana kulikoni kunitumbulia macho vile? Nikasema nilikuwa nasubiri chai. Akasema Elimringi asilaumiwe kwa ile ya saba, Herschel siku hiyo alipuliza kwa upole, mtu anaweza kudhani ni Lester. Akaiimba solo yote kwa mdomo, papo hapo katikati ya mikokoteni. Nikamwambia amejitahidi, kwa mtu wa chai.

Ijumaa, 15 Agosti

Mzee Bakili kaondoka na basi la alfajiri. Elimringi alibeba mizigo, mimi nikatoa nasaha.

Sifa zimevuka mipaka! Kesho wanakuja wapenzi wa jazi kumi na wawili kutoka Buguruni, na santuri zao wenyewe ambazo sijawahi kuzisikia, nimtaje kila mpiga solo mbele ya watu. Nimekubali papo hapo. Elimringi kaniuliza kwa upole kama nisingependa tuzisikilize kidogo kwanza. Nikamwambia kipaji hakina mazoezi.

Chumba nimekipanga upya, kina hadhi sasa. Kiti changu peke yake mbele. Kelele za vikombe sizitaki tena, zinanivuruga sikio. Anifa nimemwambia kuanzia kesho chai yake aiuzie chini, uani.