Kilima Kipara na Mforsadi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Siku kubwa! Ofisi ya misitu imebandika tangazo kwenye ukuta wa zahanati. Kile kilima kipara nyuma ya mtaa wetu kitapandwa miti. Kila nyumba itapewa kipande chake, miche bure. Kipande kitakachopendeza kuliko vyote kitasimamishiwa bango lenye jina la mwenyewe.

Bango! Jina! Mimi mchora mabango. Nimeandika majina ya vinyozi, ya wauza nyama, hata la mbwa mmoja mkali. Jina langu halijawahi kukaa ubaoni popote. Nimerudi karakana mbio, nikateua ubao ulionyooka kuliko zote, nikauchora papo hapo: MSITU WA, kisha jina langu lote, mpaka la babu. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Mke wangu akauliza msitu wenyewe uko wapi. Nikamwambia asinisumbue kwa mambo madogo.

Mama mkwe, ambaye chumba chake kinapakana na karakana, akachungulia dirishani. "Hongera, mwanangu. Jina tumeshapata. Bado mtoto tu."

Mkwe hajibiwi.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepanda! Kipande changu kimepakana na cha jirani yangu muuza dawa. Balaa gani hii? Mtu huyu hupima kila kitu. Amevuta kamba ili mistari inyooke. Mbolea anaitia kwa kijiko, kama vile shimo lina homa. Yeye akipanda mmoja, mimi nimepanda mitatu.

Siri ya kasi yangu: sikuvitoa viriba, vile vifuko vya plastiki vinavyobeba miche. Yule ofisa wa misitu, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi Misitu, nasikia alieleza kwamba vichanwe kwanza. Wakati huo mimi nilikuwa natafuta mahali bango litakapoonekana vizuri kutoka barabarani.

Nimemaliza jua halijapanda. Nikampa pole muuza dawa kwa kuachwa nyuma. Akasema asante jirani, akanipa maji ya kunywa. Mnafiki mkubwa!

Jumapili, 9 Machi

Miche yangu imeinamisha vichwa kama wafiwa. Ya muuza dawa imesimama kama askari wa gwaride. Lazima anaipa vidonge.

Mama mkwe amepanda kilima kwa mguu wake, akang'oa mche mmoja. Ukatoka mzima na kiriba chake. Ameutazama, akanitazama. "Mwanangu, nani alikufundisha kumlaza mtoto na viatu?" Watu wakacheka. Nikasema ni mbinu ya kisasa. Wakazidi kucheka.

Kisha Bibi Misitu akatangaza kwamba Alhamisi analeta wageni. Wanazunguka dunia nzima wakitazama milima na vilima vinavyorudishiwa miti yake. Siku hiyohiyo atachagua kipande cha bango.

Alhamisi! Msitu gani unaota kufikia Alhamisi? Nimekosa hamu ya chakula. Nimekula sahani mbili tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Kichwa hiki si cha kuvalia kofia peke yake.

Mke wangu na mama yake wametoka kwenda kumwona mgonjwa. Nyuma ya jiko kuna mforsadi wa mama mkwe, mti wake kipenzi, alioupanda mwaka aliohamia kwetu. Hupakata bakuli chini yake na kula forsadi mpaka meno yanakuwa meusi. Una matawi mengi mno, hata ukipunguziwa hausikii. Nimeupunguzia. Kisha tena kidogo. Kisha yaliyobaki yakawa hayapendezi, nikayamaliza.

Nimeyachonga ncha, nikayapeleka kilimani kwa toroli, nikayagongomea ardhini kwa nyundo. Msitu! Kufumba na kufumbua! Muuza dawa kakodoa macho mpaka miwani imeshuka puani.

Jua la mchana likanisaliti. Majani yakajikunja, yakawa rangi ya ugoro. Mtu mwingine angelia. Mimi nikakumbuka kazi yangu. Nikaleta debe la rangi ya kijani, ile ya maji, kwa kuwa ya mafuta ilikuwa imeisha, nikapaka jani baada ya jani. Kazi safi! Ukweli, majani yangu ni ya kijani kuliko majani. Muuza dawa akauliza mbona miti yangu inanukia kama nyumba mpya. Nikamwambia ndiyo aina yake.

Mama mkwe amerudi. Ameuona mforsadi umesimama kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi mlevi. Hakugomba. Ameingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Heri angegomba.

Alhamisi, 13 Machi

Ninaandika nikiwa chini ya kitanda. Natia chumvi. Niko juu, ila nimejifunika.

Wageni walikuwa watatu. Mmoja wa nchi ya theluji, alisema kwao kuna msitu wa kale ambao mti ukianguka huachwa hapohapo, uwe nyumba ya wadudu na ndege. Wa pili wa visiwani. Wao walirudisha mikoko na samaki wakarudi wenyewe bila kuitwa. Wa tatu mzee wa jangwani, mrefu na mpole. Kijiji chake kilipanda ukuta wa migunga kuuzuia mchanga usizike nyumba zao. Kwao, alisema, jani moja ni habari njema.

Walifika kipande changu. Wakapigwa na butwaa! Bibi Misitu alinitazama kama ambaye hakuwahi kuniona. Nikaanza kujongea kwenye ubao wangu niliouficha nyuma ya jiwe.

Ndipo yule mzee wa jangwani alipoliinamisha tawi kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akalibusu jani.

Akainua uso. Midomo ya kijani! Ncha ya pua ya kijani! Kabla sijafungua kinywa, mvua ikashuka, mvua ya kwanza ya msimu, ya mawe. Msitu wangu ukaanza kuchuruzika. Kijito cha kijani kikateremka kilima, kikapita kwenye viatu vyeupe vya Bibi Misitu, kikaelekea mjini kutangaza aibu yangu.

Muuza dawa alicheka mpaka akakaa kwenye tope lake alilolipima. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa mzee wa jangwani. Alisema kwao pia wadanganyifu wapo, ila hajaona mwenye rangi nzuri hivi. Akauliza rangi hiyo inaitwaje.

Bango halikutolewa. Bibi Misitu ameniamuru niking'oe kila kijiti na kupanda upya. Nimemwahidi kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imenyesha mwezi mzima, na mimi si bata. Leo jua limetoka. Mke wangu amenikabidhi jembe na kunisindikiza mpaka mlangoni, asije akasikia kesho nyingine.

Nimefika. Nimeshika kijiti cha kwanza nikivute. Hakitoki! Nimevuta cha pili. Kimekaza! Nikapiga magoti kutazama. Machipukizi! Madogo, laini, yamekunjika kama ngumi ya kichanga. Kijiti hiki, na kile, na kile, mpaka kwenye korongo. Uongo wangu umeota mizizi!

Nikapiga kelele. Muuza dawa akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Akaona. Tukakumbatiana, Mungu nisamehe, tukarukaruka kama watoto. Bibi Misitu akaitwa. Akasema mforsadi ukikatwa tawi ukalichomeka penye unyevu, hushika, na mizizi yake imelizuia korongo lisimegwe na mvua. Chini ya kivuli chake miche ya miti ya asili itakua salama.

Nikasema ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo.

Bango linatolewa! Wakaazi wote wamekubali. Nikakimbilia ubao wangu. Bibi Misitu akanizuia. Akasema miti yote hii ina mama mmoja, na mama huyo ana mwenyewe.

Jumapili, 20 Aprili

Nimelichora bango. Nimeufuta ubao wote na kuanza upya: MSITU WA, kisha jina la mama mkwe. Nilidhani mkono utagoma. Haukugoma. Ni herufi zilizonyooka kuliko zote nilizowahi kuandika.

Alikuja amevaa kanga mpya. Alisimama mbele ya bango, akapitisha kidole kwenye kila herufi, polepole. Akasema, "Kumbe ni refu hivi." Kisha akanishika mkono mbele ya mtaa mzima, mara ya kwanza tangu niukate mti wake, na hakuuachia mpaka tukafika nyumbani. Nyuma ya jiko kisiki nacho kimechipua. Mke wangu alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni, macho yote mawili.

Basi. Hila nimeacha. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kweli.

Jumanne, 22 Aprili

Siku njema! Siku kubwa! Tangazo jipya zahanati! Ofisi ya misitu itahesabu ndege kilimani. Kipande kitakachokutwa na ndege wengi zaidi kitapata bango la pili.

Nimeshazungumza na yule anayefuga kuku kule sokoni. Ataniazima wote, na jogoo juu. Nimeandaa kamba laini za kuwafungia matawini, wasiumie. Kuku ana mabawa. Kuku ana manyoya. Kuku anataga.

Nani atasimama mbele za watu aseme kuku si ndege?