Waraka Usiokwama

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimeswali alfajiri, nimekunywa chai, nimepokea msiba. Mkutubi mpya wa maktaba yetu ya mtaa alibandika tangazo mlangoni wiki mbili zilizopita, nami nimeliona leo. Mwaka huu kijana anayetaka Cheti cha Msomaji ataweza kutahiniwa kwa kusoma ramani, karatasi ya maelezo ya dawa, picha, hata video ya simu, mradi aeleze inasema nini na kama inasema kweli.

Video. Eti nayo inasomwa.

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita wa kutahini cheti hicho, na utaratibu wangu unajulikana. Kijana husimama, husoma ukurasa mmoja kwa sauti, nami huketi na tasbihi. Akikwama, navuta punje. Punje ya tatu ikipita, namwambia aketi, arudi mwakani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mwalimu wangu chuoni, naye na mwalimu wake: kusoma ni sauti, na maneno ya uongo hukwama kooni.

Nilimwarifu mkutubi kwamba nitalipinga jambo hili maadamu ninapumua. Alijibu kwa adabu kwamba mwaka jana walijiandikisha vijana wanne, na mwaka huu thelathini na mmoja. Nikamwambia hata nzige huja wengi.

Mmoja wa hao thelathini na mmoja ni mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na sita, tunayeishi naye. Ana kigugumizi. Nimemrudisha miaka miwili mfululizo, punje tatu kabla ya nukta ya kwanza, na mtaa mzima unashuhudia kwamba sina upendeleo. Bibi yake bado hajanisamehe ule mwaka wa kwanza.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Hila ya kwanza. Shule zimefungwa, na mkutubi anawafundisha vijana kila asubuhi katika chumba cha pili cha maktaba. Chumba hicho siingii, kwa msimamo. Lakini hakuna msimamo unaonizuia kukaa mlangoni pake.

Saa tatu niliweka kiti changu katikati ya mlango, nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti. Niliazimia asipite mtu. Hadi adhuhuri hakupita mtu. Nilijipongeza, kwa kiasi.

Nilipoinuka kwenda kuswali, nikasikia vicheko ndani. Kumbe wote waliingia kwa mlango wa uani. Mmoja alichungulia akaniambia, "Shikamoo babu. Asante kwa kutusomea."

Kiuno kinauma. Msimamo haujatikisika.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Dua zangu zimejibiwa. Kinyozi, rafiki yangu wa miaka arobaini, amenitumia picha ya waraka kwenye simu. Yeye aliupata kwa mteja, na mteja aliupata kwa mtu anayemwamini. Mlolongo wa wapokezi ni mfupi na safi.

Waraka umetoka wizarani. Unaamuru kwamba kuanzia sasa kusoma kutamaanisha kusoma ukurasa wa maandishi kwa sauti, na si vinginevyo. Tena kwamba watahini wakongwe wasisumbuliwe. Umeandikwa tarehe 30 Februari. Una muhuri wa buluu wenye kichwa cha ng'ombe, mnyama mwenye manufaa kwa taifa. Juu yake kuna picha ya mkubwa mmoja akitia saini. Mkono wake ni mpana, wenye vidole tele, mkono wa mtu mkarimu.

Nimeusoma kwa sauti mara tatu. Haukukwama popote.

Nimempelekea mwenye duka la vifaa vya ofisi auchapishe. Aliuchapisha bila kuusoma, akaendelea kutafuna ubani. Hao ndio vijana wa leo: karatasi inapita mikononi mwao na hawaitazami.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Kikao cha kamati ya maktaba. Nilisimama, nikausoma waraka wote kuanzia kichwa hadi muhuri, tarehe nayo nikaitamka kwa mkazo. Fundi cherehani alisema hajawahi kusikia waraka ukisomwa vizuri namna ile. Muuguzi mstaafu alifuta machozi. Baadaye alieleza kuwa ni vumbi.

Mkutubi alikuwa ameinamisha kichwa. Aliniuliza taratibu kama nimeusoma. Nikamjibu, mara tatu. Akaniuliza kama niko tayari kuingia naye chumba cha pili, dakika moja tu, kuna kitu ukutani angependa nikione. Nikamweleza kwamba mtego wa namna hiyo nimeuona tangu hajazaliwa, na kwamba chumba kile siingii. Akasema, "Haya, mwalimu. Basi Jumamosi."

Kamati imeamua: waraka utiiwe. Kila mtahiniwa atasoma ukurasa kwa sauti. Video, ramani na dawa, zote zimetupwa nje.

Nyumbani, mjukuu wangu hakula. Bibi yake aliniwekea sahani mezani kwa kishindo ambacho hakikuhitaji maelezo.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Baada ya swala mjukuu alinifuata ukumbini. Akaanza, "Babu, ule wa-wa-wa..." Nikamwambia kwa upole apumzishe koo, mtihani ni kesho. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi: Babu, tazama tarehe. Nikatazama kalenda ukutani. Ni kumi na tatu. Nikamthibitishia kwamba hesabu yangu ni sahihi.

Akamtazama bibi yake. Bibi yake akasema, "Mwache, mjukuu wangu. Umejaribu."

Sikuelewa alijaribu nini. Lakini nililala mchana kwa utulivu.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Naandika haya kwa mkono thabiti, kinyume na matarajio ya watu fulani.

Maktaba ilijaa. Wazazi walisimama hadi dirishani. Mjukuu wangu aliitwa kwanza. Kabla sijampa ukurasa, mkutubi aliomba ruhusa ya kupendekeza: kwa kuwa waraka wa wizara ndio uliotuongoza, je, si vyema binti ausome huohuo? Nilikubali papo hapo. Hakuna ukurasa uliostahili zaidi, na nilitaka wazazi wausikie.

Akaanza. Alikwama neno la kwanza. Punje. Neno la nne. Punje. Katika "wizara" alikwama muda mrefu hata mtoto mmoja mchanga akaanza kulia. Punje ya tatu.

Kwa kanuni nilipaswa kumwambia aketi. Sikusema. Nakiri kwamba haikuwa huruma: waraka ulikuwa haujafika pale panaposifu watahini wakongwe. Aliendelea. Punje ya tisa. Ya kumi na moja. Kisha akafika kwenye tarehe akanyamaza, nami nikanyanyua kidole kuvuta ya kumi na mbili.

Akasema, polepole, "Hapa si-sijakwama, babu. Hapa nimesimama."

Akawageukia watu. Akauliza Februari ina siku ngapi. Fundi cherehani akahesabu kwa vidole, akasema, "Astaghfirullah."

Akaendelea. Muhuri wenye ng'ombe ni wa idara ya mifugo. Mkono wa yule mkubwa una vidole sita, mtu yeyote ahesabu. Watu wakajazana mezani wakihesabu. Mwanamke mmoja dirishani akapaza sauti, "Sita kweli, jamani, na cha sita kina pete."

Mkutubi akafungua mlango wa chumba cha pili. Ukutani, tangu wiki iliyopita, umebandikwa waraka uleule, kazi ya mikono ya darasa lake, na juu yake maandishi makubwa: TAFUTA MAKOSA MANNE. Mtu aliupiga picha bila maandishi ya juu, nao ukaanza safari hadi kwa kinyozi.

Muuguzi mstaafu akauliza, basi kosa la nne liko wapi. Mjukuu wangu alikunja karatasi. Hakunitazama. Akasema kosa la nne haliko kwenye ka-karatasi. Liko kwa msomaji. Waraka umemfurahisha mno.

Wote walinitazama mimi. Hata tasbihi ilikuwa nzito.

Mtahini huapa mbele ya Mungu kusema alichokisikia. Nilisikia mtoto aliyekwama mara kumi na moja akisoma kilichokuwa mbele yangu siku tatu nisikione. Nikasimama, nikasema, "Amesoma."

Nimekiandika cheti chake kwa mkono wangu, kwa wino mweusi. Alikipokea kwa mikono miwili. Bibi yake alilia, na hapakuwa na vumbi.

Njiani kurudi nyumbani bibi yake alinishika mkono. Akasema, "Wewe umesoma kwa mdomo, mwenzio kasoma kwa macho. Sasa utajifunza, mzee?" Nikamwambia nitalitafakari.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Kamati imekaa bila kunialika. Kuanzia sasa kutakuwa na watahini wawili: mkutubi kwa kila kitu kinachosomeka, mimi kwa ukurasa. Vijana ishirini na tisa wameomba kwenda kwa mkutubi. Kwangu ameomba mmoja, na inasemekana alikosea foleni.

Sitakubali. Ishirini na sita si miaka ya kutupwa kando kama ganda la ndizi.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Nimetafakari, kama nilivyoahidi. Nimepata chanzo cha aibu yote: ni tarehe. Mtu makini angeitazama tarehe.

Na tazama rehema. Leo asubuhi kinyozi amenitumia waraka mwingine. Unafuta waraka wa kwanza, unamwondoa mkutubi, na unamrudishia mtahini mkongwe mamlaka yote, maisha yake yote. Tarehe nimeikagua kwenye kalenda, ipo. Ng'ombe hayumo kabisa. Safari hii muhuri una kuku. Vidole nimevihesabu, ni vinne, idadi ya kiasi.

Mjukuu alipita nikiusoma. Akasimama mlangoni, akaenda kumwita bibi yake.

Nimeusoma kwa sauti mara nne. Haukukwama popote. Umenifurahisha mno.