Waifai ya Mahari

Jumanne, 2 Septemba

Mungu wangu! Baba Uwizeye amekubali kusikia habari yangu ya ng'ombe! Jumamosi hii, saa kumi, nyumbani kwake. Mimi, Cyiza wa Rubondo, nitamwoa Uwizeye! Ila neno la mwisho ni la mkubwa wa ukoo wao, mzee Kabera, na mzee Kabera yuko Kanada. Lazima aonekane kwa video, uso wote. Na pale kwa baba Uwizeye mtandao wa simu unakwama ukisema tu haloo.

Gervais, Mrundi mwenye duka hapa njiani, kasikia. (Nani kamwambia?) Ana rauta ya nyumbani, ile kubwa inayokula umeme wa sola. Anasema wazee waje wakae dukani kwake, bure. Nimemshukuru kwa adabu. Nioe kwa waifai ya Gervais! Wajukuu wangu wataambiwa nini?

Jumatano, 3 Septemba

Mbarara. Vumbi mpaka Kabingo, nimefika mwekundu mpaka kope. Msichana wa duka amenionyesha mbili. Rauta ya nyumbani: unalipa kwa mwezi, unatumia upendavyo, lakini inataka umeme na inakaa fasi moja. Na kadude kadogo kama kipande cha sabuni: kana betri, unatembea nako, ila bando linaisha. Akauliza kwa heshima, ssebo, bwana, unataka ya kukaa au ya kutembea? Nikamuuliza Gervais alichukua ipi. Hamjui Gervais! Nimeshangaa. Kwa majivuno yale nilidhani anajulikana mpaka huku.

Nimechukua kadude. Kanaingia mfuko wa shati, na taa yake ya kijani inaonekana kwa nje.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekuwa mtu mkubwa! Nimepita kanisani kwaya ikifanya mazoezi, nikawapa neno la siri. (Ni jina langu. Walistahili kulijua.) Watu mingi wananifuata! Nikisimama, wanasimama. Nikienda kisimani, kwaya nzima kisimani. Sijawahi kupendwa hivi.

Saa kumi na moja. Bando limekwisha! La mwezi mzima! Waimbaji wa Bwana wamepakua sinema! Nimeweka bando jingine na kubadilisha neno la siri. Sasa hakuna anayenisalimia.

Jumamosi, 6 Septemba



Saa kumi tulikuwa wote sebuleni kwa baba Uwizeye. Ezira, msemaji wangu, akaweka simu mezani. Mzee Kabera akatokea, safi kabisa, hata mvi za kidevu unahesabu. Uwizeye alichungulia mlangoni akitabasamu. Mzee akasali, kisha akauliza habari ya ng'ombe. Hapo baba Uwizeye akakohoa, akanitazama. Haki yake! Kwetu muoaji haketi ng'ombe wakitajwa. Anakwenda mbali, anangoja kuitwa. Nikatoka haraka, kwa heshima, kilomita nzima mpaka kwa dada yangu Yudita. Nikaketi. Nikatia mkono mfukoni nitoe kitambaa, nipanguse jasho.

Kakatoka kadude, taa inawaka.

Yesu wangu! Mtandao nimeondoka nao!

Nimekimbia mpaka kiatu kimoja kimebaki njiani. Sebule tupu! Wazee wote wamehamia kwa Gervais! Ezira anasema mzee Kabera alikuwa amefika pale pa kusema hawa watoto wanapendana, basi badala ya ng'ombe kumi tuseme... akakatika. Walipompigia tena toka dukani, alikuwa ameamini tumemkatia simu kusudi. Sasa anataka kumi na wawili. Kumi na wawili! Na atasikiliza mara moja tu, Jumamosi ijayo. Akikatika tena, yamekwisha: Uwizeye atapewa mwalimu wa Kampala ambaye naye ameleta posa.

Jumapili, 7 Septemba

Mahubiri sikusikia hata neno. Uwizeye aliningoja nje, macho yamevimba. Amesema yeye amemkataa huyo mwalimu mara mbili, na mara ya tatu hataulizwa. Akanisihi kitu kimoja: nimwachie Ezira kadude kale mezani, basi. Au twende kwa Gervais, aibu yangu niimeze. Moyo uliniuma. Lakini nimwachie Ezira mali yangu? Aliyekaa na baiskeli yangu miezi minne? Nimemwambia asilie, kosa si langu, kosa ni la kadude kutembeatembea.

Jumatatu, 8 Septemba

Mbarara tena! Msichana wa duka alikataa kubadilisha. Nimembembeleza mpaka wateja wengine wakamwombea na wao. Nimerudi na rauta ya nyumbani, kubwa kuliko ya Gervais! Nimeifunga kwenye sola yangu na kuipigilia ukutani chumbani kwangu, misumari sita.

Yudita kaja kuiona. Akauliza mazungumzo yatakuwa wapi. Swali gani hilo! Kwa baba Uwizeye, kama desturi, kule ng'ambo ya kilima. Akaitazama rauta, akanitazama mimi, akaketi chini na kushika kichwa. Wanawake na mambo ya mitambo!

Nimemwandikia Uwizeye alale usingizi. Safari hii hata nikitaka siwezi kuondoka nao. Jumamosi wazee watakuwa kwao, mtandao utakuwa hapa kwangu, na mlango nitaufunga kwa kufuli asiuguse mtu.