Maji ya Kubana

Msusi alipiga chafya, na wanawake watatu waliokuwa wakisubiri kusukwa wakashtuka, wakabana mapaja kwa pamoja. Kisha wakatazama dari, kila mmoja akijifanya yuko peke yake duniani. Bi Maneno, aliyekuja saluni kuuza hereni za dhahabu isiyo dhahabu, akafunga mkoba wake taratibu. Riziki ilikuwa imebisha hodi.

Tuseme kweli: na yeye alibana. Tangu ajifungue mtoto wa tatu, mkojo wake haukuwa na adabu. Akicheka, unatoka, akikimbia, usiseme. Ndiyo maana alivaa sketi nyeusi kila siku, na aliyemuuliza alijibiwa ana msiba. Miaka minane! Marehemu gani huyo? Lakini siri hiyo hakuijua hata dada yake wa tumbo moja, na Bi Maneno alikuwa radhi afe nayo.

Wiki iliyofuata akarudi na katoni ya chupa ndogo. Ndani yake maji ya bomba, chumvi kidogo na rangi ya pinki.

"Dada zangu," akaanza, sauti chini kama daktari mwenye habari mbaya, "kuna jambo wanawake tunakufa nalo kimyakimya."

"Lipi hilo?" msusi akauliza, na huku analijua.

"Kukimbilia choo ukafika umechelewa."

Mikono ikaanza kupapasa pochi.

Tapeli anayejua kazi hauzi maji matupu, huyauza na masharti. Masharti Bi Maneno aliyaokota kwenye benchi la kliniki, alikokwenda siku moja kuwinda wateja. Nesi alikuwa akiwafundisha akina mama mazoezi ya misuli ya nyonga, naye akasikiliza kwa sikio moja na kuguna. Dawa ya bure, haina hata chupa? Mdanganye mwingine! Ila kwa kupambia uongo, ilifaa sana.

"Kunywa kifuniko kimoja," akaamuru. "Halafu bana kule chini, kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja. Hesabu mpaka kumi, legeza, pumzika, rudia. Mara kumi asubuhi, mchana na jioni, miezi mitatu."

"Na nisipobana?"

"Dawa inageuka maji."

Hapo, jamani, hakusema uongo. Mimi ninayewasimulia nilinunua chupa mbili, moja kwa kila shahada niliyo nayo. Nilibana hadi kwenye vikao vya kazini, bosi akaniuliza kama naumwa jino.

Miezi mitatu ilipokaribia kutimia, Bi Maneno akafunga virago. Kazi yake ina sheria moja: ondoka kabla mteja hajashtuka. Alikuwa anaelekea stendi, pesa zote kwenye kipochi kwapani, aliposikia kelele nyuma.

"We Bi Maneno! Simama!"

Akageuka. Msusi mbele, taulo begani. Nyuma yake wanawake kumi na kitu, nami nimo, tunakuja mbio. Bi Maneno akatimua. Hatua ya tano, sketi ikalowa. Ya nane, viatu. Sisi tulikuwa wakavu kama kuni, na tunamkaribia.

Akaona yamemfika. Akakitupa kipochi miguuni petu. "Chukueni vyote! Ni maji ya bomba na rangi ya keki! Msinipige, nina watoto!"

"Maji ya bomba?" msusi akauliza, akiokota kipochi. "Sisi tulitaka katoni nyingine! Jana mimi nimeruka kamba na binti yangu, na sikutokwa hata tone!"

Bi Maneno akaangalia viatu vyake vilivyolowa, akaanza kulia, kilio cha kweli safari hii.

"Kumbe ni yale mazoezi," akasema. "Nesi aliyafundisha bure, nikamcheka. Miaka minane nalowa, na dawa naitangaza kwa mdomo wangu mwenyewe!"

Ilituuma. Msusi akamfunga taulo kiunoni. "Pole, dada. Kesho saa nne njoo saluni, tutakufundisha vizuri."

"Asanteni. Mungu awabariki." Akapangusa machozi, akanyoosha mkono. "Na kipochi changu?"

Msusi akakitia kwapani. "Hiki ni ada. Tukikufundisha bure, utatucheka na sisi."